Mwendo wa Ulimi: Namna Maneno Yanavyotengenezwa na Namna Yanavyozeeka



Katika masomo ya mwili wa mtu tunajifunza moyo, tumbo, mifupa na damu. Lakini kuko kazi moja tunayoifanya toka asubuhi mpaka usiku, na ni mara chache tunauliza inafanyika namna gani. Kazi ile ni kusema. Mtu anayesema kawaida anatoa silabi 5 ao 6 kwa sekunde moja, na kwa kila silabi mapafu, koromeo, ulimi, taya na midomo vinapaswa kutembea kila kimoja kwa saa yake. Kimoja kikichelewa kidogo tu, neno linageuka neno lingine.

Tunaandika somo hili kwa sababu moja. Hapa Kolwezi, na katika vijiji vinavyozunguka, tunaishi pamoja na wazee: baba na mama waliozaliwa mbele ya uhuru, wafanyakazi wa zamani wa mashimo ya shaba, bankambo wanaojua hadithi katika Kiluba, Kisanga, Kindembo, Kiruund ao Kicokwe. Mara mingi kijana anasema hivi: «Nkambo anasemaka pole pole, bongo imekwisha kuchoka.» Tunapenda kuonyesha, kwa njia ya sayansi, kwamba neno hili si la haki. Sehemu kubwa ya ule upole inatoka katika mwendo wa viungo, na mwendo wa viungo unaweza kupimwa na kuhesabiwa.

1. VIUNGO VYA KUSEMA

Kwanza ni pumzi. Mapafu yanasukuma hewa kupitia bomba la pumzi. Bila hewa hakuna sauti. Jaribuni kusema jina lenu wakati mnavuta hewa ndani, mtaona taabu yake.

Pili ni koromeo. Ndani yake kuko nyuzi mbili za sauti. Jina «nyuzi» linadanganya kidogo, maana si kama nyuzi za gitare. Ni mikunjo miwili ya misuli na ngozi laini, na kwa mwanaume mzima urefu wake ni karibu sentimita 2, kwa mwanamke unapungua. Hewa inapopita, mikunjo hii inafunguka na kufungana mbio sana: karibu mara 100 mpaka 130 kwa sekunde kwa wanaume, na karibu mara 200 kwa wanawake. Wekeni kidole juu ya koo na kusema «sss», halafu «zzz». Kwa s nyuzi zinalala. Kwa z zinatetemeka, na kidole kinasikia.

Tatu ni kinywa na pua. Hapa kuko ulimi, taya, midomo, meno, na kaakaa. Upande wa nyuma wa kaakaa ni laini, unapanda na kushuka kama mlango. Ukishuka, hewa inapita puani. Ukipanda, njia ya pua inafungwa. Fanyeni jaribio hili: fungeni pua kwa vidole viwili, halafu semeni «mama». Mtasikia karibu «baba». Midomo imefanya mwendo ule ule, nyuzi za sauti vilevile. Ni mlango wa pua tu uliokosa kazi. Ndiyo kusema, tofauti ya mama na baba katika sauti ni mwendo mmoja mdogo wa kaakaa.

Ulimi wenyewe ni ajabu. Hauna mfupa ndani. Una jozi 8 za misuli: jozi 4 zinakaa ndani yake na kuugeuza umbo, na jozi 4 zinaufunga kwenye mifupa ya jirani na kuupeleka mbele, nyuma, juu na chini.

2. MODELI NI NINI?

Modeli ni mfano uliopunguzwa ili kitu kieleweke. Ramani ya mgodi si mgodi, haina vumbi wala maji, lakini injiniya akiitazama anajua fasi ya kuchimba. Modeli nzuri inatupa mambo mingi na kubakiza yale yanayohitajika.

Sisi Wakongo tunayo modeli ya zamani ya usemi: ngoma ya mti inayosema, ile inayoitwa lokole katika fasi mingi za nchi. Huku kwetu Bacokwe na Balunda wanajua chinguvu. John Carrington, mmisionari wa Kiingereza wa Wabaptisti aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alisoma ngoma za Walokele na kuandika kitabu juu yake katika mwaka 1949. Alionyesha kwamba ngoma haisemi kwa ishara za siri. Inafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yenyewe. Katika Kilokele, neno «lisaka» likisemwa lote chini ni dimbwi la maji. Sauti ikipanda kwenye silabi ya mwisho, ni ahadi. Ikipanda kwenye silabi mbili za mwisho, ni sumu.

Basi tazameni: ngoma imetupa kazi ya midomo, ya ulimi na ya pua, ikabakiza paka kazi ya koromeo. Ni modeli ya mwendo mmoja tu. Kwa sababu hiyo mpigaji hawezi kupiga neno moja na kunyamaza, maana maneno mingi yana kupanda na kushuka kwa namna moja. Anaongeza maneno mpaka msikilizaji hawezi kukosea.

3. MASHINI ZILIZOJARIBU KUSEMA

Huko Ulaya, Wolfgang von Kempelen alitoa kitabu Vienna mwaka 1791, akieleza mashini yake ya kusema. Alitumia mvuto kama ule wa mhunzi pahali pa mapafu, ulimi mdogo wa zumari pahali pa nyuzi za sauti, na kinywa laini kilichofinyangwa kwa mkono. Mashini iliweza kutoa maneno madogo kama «mama» na «papa». Ilikuwa hatua kubwa, kwani ilionyesha kwamba sauti ya mtu inafuata sheria za hewa na za mwendo, kama kitu kingine cho chote.

Katika mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa kuimba, aliweza kuona nyuzi zake mwenyewe za sauti kwa kutumia kioo kidogo na mwanga wa jua. García alizaliwa mwaka 1805 na kufa mwaka 1906, miaka 101, na alikaa mwalimu wa sauti mpaka uzeeni.

Katika mwaka 1960 Gunnar Fant wa Uswidi alitoa kitabu kilichoeleza jambo hili kwa hesabu. Tulieleze kwa mfano wa hapa. Mawe yanatoka shimoni Kamoto yakiwa machafu, shaba na udongo vimechanganyika. Kiwanda kinachambua: kitu kimoja kinapita, kingine kinatupwa. Vilevile nyuzi za sauti zinatoa sauti mbichi, yenye sauti ndogo na kubwa mingi pamoja. Kinywa ni kiwanda. Kwa umbo lake kinapitisha sauti fulani na kupunguza zingine. Ulimi ukiwa juu mbele tunapata «i». Ukiwa juu nyuma na midomo imeviringwa tunapata «u». Ukiwa chini, taya imefunguka, tunapata «a». Mkitaka kusikia kazi ya umbo, pulizeni juu ya mdomo wa chupa, halafu ongezeni maji na kupuliza tena. Pumzi ni ile ile, lakini nafasi ya hewa imepunguka na sauti inapanda.

4. KORO YA MIENDO NA RISORI YA LORI

Modeli za zamani zilieleza umbo la kinywa. Zilibaki kueleza namna umbo moja linavyogeuka lingine. Simameni mbele ya kioo na kusema «kuku», halafu «kiti». Katika «kuku» midomo inaviringika mbele hata k haijaisha. Katika «kiti» midomo inanyooka. Ndiyo kusema kinywa hakingoji herufi moja iishe ndipo ianze ingine. Miendo inapandana.

Catherine Browman na Louis Goldstein, wataalamu wa Marekani, walieleza jambo hili toka mwaka 1986. Walisema kila neno ni kama wimbo wa koro. Midomo ina sehemu yake, ncha ya ulimi ina yake, mgongo wa ulimi yake, kaakaa na koromeo vilevile. Kila mmoja anaingia kwa saa yake, anaimba, anatoka. Koro nzuri si ile ambayo wote wanaimba noti moja. Ni ile ambayo kila sehemu inajua kuingia wapi na kunyamaza wapi.

Sasa kila mwendo mmoja unakwenda namna gani? Wafikirieni kama risori ya lori yenye amotisere. Lori likipita katika shimo la barabara, risori inavutwa, halafu inarudi fasi yake. Amotisere inaizuia isiruke-ruke. Midomo inapofunga kwa kusema «b» inafanya kama risori inayovutwa kufika fasi moja na kukaa pale. Wenye kutengeneza modeli wanaandika namba tatu: mwendo unataka kufika wapi, risori ina nguvu gani, na mwendo unaanza saa gani. Kwa namba hizi tatu kwa kila kiungo, mashini ya kuhesabu inaweza kuchora mwendo unaofanana sana na ule wa mtu wa kweli.

Kuna sheria moja hapa ambayo mnaijua katika fizika. Fungeni jiwe dogo kwa kamba ya sentimita 25, liachieni lipepee, na hesabuni mara 10 za kwenda na kurudi. Zitachukua karibu sekunde 10. Halafu chukueni kamba ya metre 1. Mara 10 zitachukua karibu sekunde 20. Kamba imeongezeka mara 4, wakati umeongezeka mara 2. Kwa risori ni ndugu wa sheria hiyo: nguvu ya risori ikipunguka na kubaki robo, wakati wa mwendo unaongezeka mara 2. Tuishike sheria hii, tutaihitaji.

5. UZEE UNAGUSA NINI?

Tutazame viungo kimoja kimoja, kwa mpango ule ule wa kwanza.

Pumzi. Mapafu yanapozeeka yanapoteza ule uwezo wa kujikunja yenyewe, na mbavu zinakuwa ngumu. Hewa ya kusemea inapunguka. Mzee anapumzika katikati ya maneno fasi ambapo kijana hapumziki. Tusifikiri amesahau. Anavuta hewa. Na yule aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe anaweza kuwa na ugonjwa wa mapafu juu ya uzee, na huo si uzee, ni ugonjwa.

Koromeo. Misuli ya nyuzi za sauti inapunguka unene, na pengine nyuzi hazifungani sawasawa. Hewa inaponyoka katikati, sauti inakuwa na pumzi ndani yake, ao inatetemeka. Gegedu za koromeo zinageuka polepole kuwa mfupa. Na kuko jambo la kushangaza: mama anapopita umri wa kuzaa, sauti yake inashuka, lakini mwanaume anapozeeka sana, sauti yake inaweza kupanda, kwani nyuzi zake zimekuwa nyembamba. Wazee wa baba na wa mama wanakaribiana kwa sauti.

Mtu anaweza kuuliza: lugha zetu nyingi hapa zinatumia sauti ya juu na ya chini kwa kutofautisha maneno. Sauti ya nkambo ikishuka, je, maneno yake yanapotea? Hapana. Ukilegeza nyuzi zote za gitare kwa kipimo kimoja, wimbo unabaki ule ule. Sikio halipimi sauti ya juu peke yake, linaipima kwa kuilinganisha na ya chini iliyo karibu nayo.

Ulimi, midomo na meno. Nguvu ya ulimi inapunguka. Meno yakitoka, f, v na s zinakosa fasi ya kuegemea. Leo watafiti wanabandika vipimo vidogo sana juu ya ulimi na midomo ya watu wanaokubali, wakifuata mwendo wake kwa sumaku. Katika vipimo hivyo wameona kwamba miendo ya wazee inachukua wakati mrefu kupita ya vijana, na mbio yake ni ndogo.

Masikio. Sikio linalozeeka linapoteza kwanza sauti za juu sana, na s, f na sh ziko huko juu. Kwa hiyo mzee anasikia «a» na «o» vizuri, lakini herufi zinazotofautisha maneno zinamkimbia. Ndiyo maana anasema: «Nakusikia, lakini sielewi.» Wale waliofanya kazi karibu na mashini za kutoboa na kuvunja mawe wanapata taabu hiyo mbele ya wengine. Tena, daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu akiwekwa katika makelele anapandisha sauti bila kujua. Mtu anajiongoza kwa sikio lake. Sikio likipunguka, usukani wa sauti unapunguka vilevile. Mzee anayesema kwa sauti kubwa pengine hakasiriki hata kidogo.

Ubongo. Amri zinapita polepole zaidi katika neva, na jina la mtu ao la kitu linaweza kuchelewa kuja. Lakini hazina ya maneno haipunguki kwa namna ile. Kwa watu wenye afya inakaa, na mara mingi inaongezeka hata katika umri mkubwa. Mzee anajua maneno kutupita.

6. HESABU YA SEKUNDE 18

Sasa turudi kwenye risori. Tuseme kijana anasema silabi 100 kwa sekunde 18. Tuseme kwa nkambo nguvu ya risori imepunguka, kati ya 100 zimebaki 81. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, na cha 10 ni 100. Basi wakati unaongezeka kwa kipimo cha 9 kwenda 10: pahali pa sekunde 18, silabi 100 zitachukua sekunde 20.

Chukueni hadithi fupi ya silabi 900. Kijana ataimaliza kwa sekunde 162. Nkambo ataimaliza kwa sekunde 180. Tofauti ni sekunde 18. Ongezeni mapumziko ya kuvuta hewa, tuseme mara 12 za sekunde 1. Jumla ni sekunde 30, nusu dakika. Hizi ni namba za mfano tu, si kipimo cha mtu fulani, na mtu mmoja hafanani na mwingine. Lakini zinaonyesha ukubwa wa jambo. Kwa nusu dakika tunasema akili ya mtu imechoka!

Tena upole wenyewe pengine ni hekima. Paul Fitts wa Marekani alionyesha katika mwaka 1954 sheria ya miendo ya mtu: ukitaka kufika kwenye alama ndogo bila kukosa, unapaswa kupunguza mbio. Mwenye kuendesha kinga katika barabara yenye mashimo anajua sheria hii bila kuisoma. Anapunguza mbio kusudi afike na mayai yake mazima. Mzee ambaye viungo vyake havimtii kama zamani anaweza kuharakisha na kusema maneno yaliyovunjika, ao kwenda pole na kusema maneno mazima. Wengi wanachagua maneno mazima. Hii si akili iliyochoka, ni akili inayoongoza vizuri chombo kilichotumika sana.

7. UZEE AO KIZAZI?

Hapa tunapaswa kujihadhari. Si kila tofauti kati ya mzee na kijana inatoka katika mwili. Nkambo mmoja anasema «kuludi» pahali pa «kurudi». Je, ulimi wake umechoka? Hata. Alikua na lugha isiyo na r, kama Kiluba, na alisema vile hata akiwa na miaka 20. Tukumbuke kwamba Kiswahili cha huku kilikua pamoja na kazi ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na watu wa makabila mbalimbali walikusanyika katika kambi za wafanyakazi, kila mmoja na ulimi wake. Watoto waliozaliwa kambini walipata Kiswahili kingine kidogo, na sisi tunacho chetu.

Namna ya kutofautisha ni kumsikiliza mtu mmoja kwa miaka mingi. Jonathan Harrington na wenzake walifanya hivyo kwa malkia Elizabeth wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2022. Karibu kila Noeli alisema katika radio, na hotuba zimehifadhiwa. Katika mwaka 2000 walionyesha kwamba a, e na o zake zilikuwa zimesogea karibu na za vijana wa nchi yake. Baadaye walionyesha kwamba sauti yake ilishuka kadiri miaka ilivyopita. Jambo la kwanza linatoka kwa watu wanaomzunguka, la pili linatoka katika mwili. Mtu mmoja, mabadiliko ya namna mbili.

Sisi vilevile tuna fasi ya kujaribia. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitare mashuhuri wa Katanga, alizaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey alirekodi sauti yake Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Alirekodiwa tena katika miaka ya 1980, mbele ya kufa kwake mwaka 1990. Wenye kupata nyimbo hizo wazisikilize kwa utaratibu: maneno mangapi kwa pumzi moja? Sauti ya chini kabisa inafika wapi? Andikeni mnachosikia, si mnachofikiri mtasikia.

8. ALAMA ZA HATARI

Uzee unakuja polepole, mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo mabadiliko ya ghafula si uzee. Mtu akiamka na maneno yamevunjika, mdomo umeanguka upande mmoja, ao mkono mmoja hauinuki, ni alama za kiharusi, kile madaktari wanachoita AVC. Asilazwe kwanza «apumzike kidogo». Apelekwe hospitali saa ile ile, kwani kila dakika sehemu ya ubongo inakufa.

Sauti ikikauka na kukaa vile kupita wiki tatu, inafaa kumwona daktari. Sauti ikizidi kuwa ndogo na bila kupanda wala kushuka, mikono ikitetemeka na mwendo wa miguu ukifupika, inaweza kuwa ugonjwa ule ulioelezwa na daktari James Parkinson mwaka 1817. Kuko dawa za kusaidia. Anayesema «ni uzee tu» anaweza kumnyima mzee wake msaada uliopo.

9. TUFANYE NINI?

Hasara ya kutokujua mambo haya ni kubwa. Mzee anayekatwa neno mara tatu anaacha kusimulia mara ya ine. Akinyamaza, majina ya mito, ya miti na ya watu wa zamani yananyamaza naye. Hata mashini mpya zinazoandika maneno ya mtu zinakosea zaidi kwa sauti za wazee, kwa sababu zimefundishwa mara mingi na sauti za watu wazima wasiozeeka. Zitajifunza ikiwa tu kuko sauti za wazee zilizohifadhiwa.

Basi tunawaomba wenzetu mambo matano:

(a) Tusimalizie wazee maneno. Akisimama katikati, tuhesabu moyoni mpaka tano mbele ya kufungua kinywa.

(b) Tuseme nao uso kwa uso, penye mwanga, kwa mwendo wa pole. Kupiga kelele hakurudishi s na f. Midomo inayoonekana inasaidia zaidi.

(c) Tuzime radio. Makelele ni adui wa sikio la mzee.

(d) Tukimrekodi kwa simu, tumwombe ruhusa kwanza. Tuchague asubuhi, chumba kimya, maji ya kunywa karibu. Tuandike jina lake, mwaka wa kuzaliwa, lugha ya nyumbani na tarehe.

(e) Tumrekodi tena kila mwaka. Hapo tutakuwa na kipimo cha kweli, mtu mmoja kwa miaka mingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini «mama» inageuka karibu «baba» pua ikifungwa?

2. Ngoma inayosema inabakiza mwendo wa kiungo gani? Kwa nini mpigaji anaongeza maneno?

3. Nguvu ya risori ikipunguka kutoka 100 mpaka 64, silabi zilizochukua sekunde 20 zitachukua sekunde ngapi?

4. Toeni mfano mmoja wa tofauti inayotoka katika mwili, na mmoja unaotoka katika kizazi.

5. Semeni «pa-ta-ka» mbio kwa sekunde 10 na kuhesabu silabi. Halafu ombeni mtu mzima na mzee mmoja, kwa heshima, wafanye vilevile. Andikeni namba tatu katika daftari.

Jibu la swali la tatu: sekunde 25. Majibu mengine mtajadiliana katika kalasi. Kwa swali la tano msiende mbio kurudi: mzee akiisha kumaliza «pa-ta-ka», mwulizeni alijifunza kusema lugha gani kwanza na nani alimfundisha, halafu kaeni mkisikiliza mpaka mwisho.